Tumbo Limepunguzwa, Haki ya Mwili Haikupunguzwa
Mada kwa jamaa wa misikiti ya Dodoma na Kanda ya Kati, juu ya lishe na vitamini kabla na baada ya upasuaji wa kupunguza uzito

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake wote.



Huenda wapo miongoni mwetu watakaoshangaa kuona jambo la hospitali likizungumzwa msikitini. Lakini tunajua sote kwamba mwili ni amana. Mtume (s.a.w.) alimkubalia Salman alipomfundisha Abu Dardaa (r.a.) kuwa mtu ana wajibu kwa Mola wake, ana wajibu kwa nafsi yake, na ana wajibu kwa watu wa nyumbani kwake, na kwamba kila mwenye haki apewe haki yake. Na katika Suratut Takaathur tumeonywa kuwa siku hiyo tutaulizwa juu ya neema. Afya ni neema, nayo ina hesabu yake.

Tumeamua kulizungumza jambo hili kwa sababu limekwisha kuingia majumbani mwetu. Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila, imekuwa ikitoa huduma ya kupunguza uzito kwa kuweka puto tumboni na kwa upasuaji. Wapo pia Watanzania wanaosafiri India na nchi nyingine kwa ajili hiyo. Mgonjwa hulala hospitalini siku chache, kisha hurudi nyumbani Dodoma, Kondoa, Singida au Mpwapwa. Daktari aliyempasua yuko mbali. Wanaobaki naye ni mkewe au mumewe, mama yake, jirani zake na sisi tunaosali naye. Kwa hiyo mema au mabaya yatakayompata baadaye yanategemea sana tunayoyajua na tusiyoyajua sisi.

Neno letu kuu leo ni moja: upasuaji huu hupunguza tumbo, lakini haupunguzi haki ya mwili. Damu, mifupa, mishipa ya fahamu na ubongo vinadai chakula chao kama vilivyodai jana, ilhali mlango wa kupitia chakula hicho umekuwa mdogo. Asiyelijua hilo hufurahia kilo zilizopungua, na huku mwili wake unaliwa ndani kwa ndani.

NCHI ILIYOKUMBUKA NJAA

Hebu kwanza tuitazame nchi yetu. Uwanda huu wa kati ni nchi ya mvua chache, nchi ya uwele na mtama. Wazee wa Ugogo walisimuliana habari za Mtunya, njaa kubwa iliyoanza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na kuendelea hadi mwaka 1920 hivi, baada ya majeshi kuchukua ng'ombe na nafaka za watu, kisha mvua ikakosekana. Watu waliopita katika mambo hayo hawawezi kulaumiwa wakiuona unene kuwa dalili ya heri, na wembamba kuwa dalili ya balaa.

Lakini nyakati zimebadilika. Tangu mwaka 2016 Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma, mji umekua, na mwaka 2018 ukatangazwa kuwa jiji. Wengi wetu tunakaa kitini tangu asubuhi hadi jioni. Tunapanda bodaboda kwenda mahali ambapo baba zetu wangekwenda kwa miguu. Chipsi, soda, maandazi na chai ya sukari nyingi vimeshika nafasi ya uji wa uwele. Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa wanawake 28 katika kila 100 wenye umri wa kuzaa walikuwa na uzito uliozidi, na tangu hapo idadi hiyo imepanda. Wakati huohuo, utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 wamedumaa, na wanawake 42 katika kila 100 wana upungufu wa damu.

Tuzingatie vizuri takwimu hizo. Unene na utapiamlo vinakaa katika nyumba moja, na mara nyingi katika mwili mmoja. Mtu aweza kuwa na kilo 110 na huku damu yake haina chuma cha kutosha na mifupa yake ina kiu ya vitamini D. Unene si ushahidi wa kushiba vitamini. Hii ndiyo sababu lishe huanza kuangaliwa kabla ya kisu.

JE, NI HALALI?

Swali hili huulizwa kwanza, nasi tulijibu kwa ufupi. Suratun Nisaa imekemea kuyabadili maumbile ya Mwenyezi Mungu kwa kumtii shetani. Lakini kumtibu mgonjwa si kubadili maumbile, ni kuyarudisha katika uzima. Mtume (s.a.w.) alipoulizwa na mabedui kama watafute dawa, aliwaamrisha wajitibu, akawajulisha kuwa Mwenyezi Mungu hakuweka maradhi ila ameyawekea dawa, isipokuwa uzee. Unene uliopita kiasi huleta kisukari, shinikizo la damu, kukatika pumzi usingizini na kuharibika kwa magoti. Huo ni ugonjwa.

Waislamu hawakuwa wageni wa jambo hili. Katika karne ya 10 mfalme Sancho wa León, Mkristo wa Hispania ya kaskazini, aliondolewa katika kiti chake kwa sababu ya unene uliomzuia hata kupanda farasi. Alikwenda Cordoba kwa Khalifa Abdur Rahman wa Tatu, akatibiwa na Hasdai ibn Shaprut, tabibu Myahudi wa Khalifa huyo, akapungua na kurudishiwa ufalme wake. Mji huo haukumcheka mgonjwa, ulimtibu.

Lakini uhalali una mipaka. Anayetaka kupasuliwa kwa ajili ya urembo tu, hali hana ugonjwa, anajiingiza katika hatari bila ya dharura. Madaktari hutumia kipimo cha uwiano wa uzito na urefu. Mapendekezo ya kimataifa ya mwaka 2022 yanaruhusu upasuaji kwa mwenye kipimo cha 35 na kuendelea, na kuufikiria kwa mwenye 30 hadi 35 aliye na kisukari au ugonjwa mwingine wa namna hiyo. Mtu mwenye urefu wa sentimita 160 hufikia kipimo cha 35 akiwa na kilo 90 hivi. Aliye chini ya hapo, upasuaji wake wa kwanza ni kulishika agizo la Suratul Aaraf la kula na kunywa pasipo israfu, na nasaha ya Mtume (s.a.w.) ya kuligawa tumbo sehemu tatu: chakula, maji na pumzi.

KISU KINAFANYA NINI?

Ziko njia mbili zinazotumika zaidi. Ya kwanza ni kukata na kuondoa sehemu kubwa ya tumbo la chakula, kiasi cha robo tatu au zaidi, likabaki kama mrija mwembamba. Ya pili ni kutengeneza kifuko kidogo, chenye kuchukua mililita 30 hivi, yaani vijiko viwili vya mezani, kisha kukiunganisha na utumbo wa mbele zaidi, chakula kisipite katika sehemu ya mwanzo ya utumbo. Puto si upasuaji. Ni mfuko unaojazwa maji au hewa ndani ya tumbo kwa muda, mara nyingi miezi 6. Lakini mwenye puto naye hula kidogo na aweza kutapika, hivyo mengi tutakayoyasema yanamhusu.

Tumbo si gunia tu la kutia chakula. Ndani yake mna tindikali inayosaidia kuyeyusha madini ya chuma, na mna kitu maalumu kinachoshikana na vitamini B12 ili utumbo uweze kuipokea. Na ile sehemu ya mwanzo ya utumbo ndiyo lango kuu la chuma na kalisi. Tumbo likikatwa na lango likirukwa, mgonjwa aweza kula chakula kizuri, kikapita bila ya kuuacha mwilini mzigo wake.

KABLA YA UPASUAJI

Kwanza, mgonjwa apimwe damu: wingi wa damu, akiba ya chuma, B12, foliki, vitamini D na sukari. Kinachopungua kijazwe kabla. Anayekwenda kupasuliwa akiwa na upungufu ni kama mkulima anayeingia kiangazi na kihenge kitupu.

Watu hushangaa kusikia vitamini D ikipungua Dodoma, nchi ya jua kali. Lakini vitamini hiyo hutengenezwa na ngozi iliyopigwa na jua. Anayeshinda ofisini au ndani ya nyumba, na anayetoka akiwa amejisitiri mwili mzima, hupata kidogo. Vilevile mafuta mengi mwilini huishika vitamini hiyo isifike inakohitajika. Dawa yake ni kupima na kumeza vidonge kwa kiwango alichoandika daktari, na dada zetu waweza kuota jua katika ua wa nyumba zao bila ya kuivunja stara.

Pili, kwa muda wa wiki 2 hivi kabla ya upasuaji, hospitali nyingi humwekea mgonjwa chakula maalumu chenye wanga, sukari na mafuta kidogo, na protini ya kutosha. Makusudio yake ni kulipunguza ini. Ini la mtu mnene hujaa mafuta na kulifunika tumbo, na daktari hupata taabu kulifikia. Anayefanyiwa karamu ya kumuaga kwa pilau na soda siku hizo anaongezewa hatari mezani pa upasuaji. Na mwenye kisukari asianze chakula hicho kabla daktari hajampangia upya dawa zake, kwani sukari yaweza kushuka ghafla.

Tatu, aache tumbaku. Nne, alete nyumbani watu watakaomsaidia wasikie pamoja naye maelezo ya daktari, kwani asiyesikia ndiye atakayevunja sharti.

CHAKULA BAADA YA UPASUAJI

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Mgonjwa wetu huyu yafaa aulizwe, tena aulizwe kila kitu: ni uji gani, mzito kiasi gani, na ni wiki ya ngapi.

Siku za mwanzo ni maji na vinywaji vyepesi kwa funda ndogo ndogo. Kisha hufuata vya majimaji vyenye protini, kama maziwa na mtindi usiotiwa sukari. Baadaye huja vyakula vilivyosagwa laini, kisha vyakula laini, na kwa kawaida baada ya wiki 6 hadi 8 hurudi kwenye chakula kigumu. Kila hospitali ina ratiba yake, nayo ndiyo ya kufuatwa.

Jambo kubwa hapa ni protini. Mgonjwa anahitaji angalau gramu 60 kwa siku ili misuli isiliwe pamoja na mafuta. Yai moja lina gramu 6 hivi, na bilauri ya maziwa gramu 8. Kwa hiyo mtu huyu, ambaye tumbo lake hujaa kwa vijiko vichache, hana nafasi ya kupoteza kwa ugali na wali. Aanze na protini, kisha mboga, na wanga uje mwisho.

Na tumshukuru Mola wetu, kwani nchi yetu kavu haikunyimwa. Tuna kunde, choroko, mbaazi na njugumawe, ambazo zikichemshwa sana, zikamenywa na kusagwa, hufaa mara tu zinaporuhusiwa. Tuna mtindi, mayai na kuku wa Singida. Tuna dagaa wanaoletwa kutoka Ziwa Victoria, ambao wakisagwa unga, vijiko viwili juu ya mboga ni protini na kalisi pamoja. Na tuna mlenda, ambao kwa ulaini wake hushuka vizuri, na ukiungwa kwa karanga zilizosagwa huongezeka nguvu. Lakini mlenda ulioanikwa juani hupoteza sehemu kubwa ya vitamini A. Heri uanikwe kivulini. Na ijulikane kuwa mlenda, kwa uzuri wake wote, hauna B12. Hiyo hutoka katika nyama, samaki, mayai na maziwa.

Yapo pia ya kujihadhari nayo. Nyama choma kavu, mkate laini na ugali mgumu huweza kukwama katika tumbo dogo. Chakula kitafunwe mpaka kiwe kama uji. Maji yasinywewe pamoja na chakula. Aache nusu saa, kisha anywe. Sukari nyingi, hasa kwa aliyerukwa utumbo, humletea jasho, moyo kwenda mbio, kizunguzungu na kuharisha. Na dawa za maumivu kama diklofenaki, ibuprofeni na aspirini asizinunue dukani kwa hiari yake, kwani huchimba vidonda katika tumbo lililokatwa. Amuulize daktari ipi inamfaa.

KIHENGE CHA MIAKA NA KIHENGE CHA WIKI CHACHE

Sasa tunafika kwenye kiini cha maneno yetu. Vitamini baada ya upasuaji huu ni za maisha. Si za mwezi wala si za mwaka, wala haziachwi mtu akiona afya imerudi. Miongozo inayofuatwa na wataalamu duniani hutaja kwa mtu mzima viwango vya namna hii kwa siku: vitamini mchanganyiko zenye madini, kalisi miligramu 1,200 hadi 1,500, vitamini D yuniti 3,000 hivi, B12 maikrogramu 350 hadi 1,000 kwa mdomo, au sindano ya maikrogramu 1,000 kila mwezi, B1 angalau miligramu 12, foliki maikrogramu 400 hadi 800, na zaidi kidogo kwa mwanamke aliye katika umri wa kuzaa, na chuma miligramu 18, lakini 45 hadi 60 kwa mwanamke anayeingia hedhini na kwa aliyerukwa utumbo. Tumezitaja ili ijulikane kuwa kidonge kimoja cha kawaida cha duka la dawa hakitoshi. Kiwango cha kila mtu huandikwa na daktari wake baada ya vipimo.

Wengi huacha kwa sababu hawaoni madhara upesi. Tufananishe na vihenge. Ini la mtu ni kihenge cha B12, na chakula kilichomo chaweza kumtosha miaka miwili, mitatu, au zaidi. Mwaka wa kwanza ameacha vidonge na yu mzima. Wa pili yu mzima. Ndipo huanza ganzi miguuni, kuyumba, kusahau na kuishiwa damu, na mishipa ya fahamu ikishaharibika sana huenda isirudi tena kama zamani. Chuma nacho hupungua polepole: uchovu, kuhema akipanda ngazi, na kwa dada zetu hamu ya kula udongo au barafu. Hamu hiyo si mchezo, mara nyingi ni damu inayolia. Na udongo huzidi kukizuia chuma kisiingie. Kalisi na vitamini D zikikosekana mifupa hudhoofika kimyakimya hadi ivunjike.

Lakini B1 kihenge chake ni kidogo mno. Akiba yake huisha kwa wiki 2 au 3 tu. Mgonjwa akitapika mfululizo katika miezi ya mwanzo asiweze kula, kihenge hicho huwa kitupu upesi. Hapo macho huanza kuchezacheza au kuona viwili viwili, mwendo huyumba, na akili huchanganyikiwa. Huongea yasiyoeleweka, husahau walio mbele yake.

Ndugu zetu, hapa tunaomba tusikilizwe kwa makini. Mtu akiwa katika hali hiyo, jamaa zake watasema nini? Watasema amepandwa na jini, au amerogwa na wanaohusudu wembamba wake. Sisi hatukanushi kuwapo kwa majini, wala hatuizuii kisomo cha Qur'ani, ambacho ni shifaa. Lakini mgonjwa huyu hana siku za kusubiri. Kila saa inayopita ubongo wake unaharibika, na yawezekana kumbukumbu zake zisirudi kamwe. Asomewe akiwa njiani kwenda hospitali. Na wanaomfikisha wamwambie mhudumu kwa sauti ya wazi: huyu alifanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo, na anatapika. Wataalamu wanajua kuwa B1 hutiwa kwa sindano, na kwamba itangulie au iende pamoja na dripu ya sukari, kwani sukari ikitangulia peke yake huimaliza akiba ndogo iliyobaki. Yule aliyeelekezwa na Mtume (s.a.w.) amfunge ngamia wake kisha ategemee kwa Mungu, alifundishwa jambo lililo hilihili.

RATIBA KWA NYAKATI ZA SALA

Chuma na kalisi havipatani. Vikiingia pamoja kalisi humzuia mwenzake, hivyo vitengwe kwa saa 2 au zaidi. Chai nayo hukizuia chuma. Na mwili haupokei vizuri zaidi ya miligramu 500 au 600 za kalisi kwa mara moja. Muislamu hana haja ya saa ya kengele kuyapanga haya. Baada ya Alfajiri ameze vitamini mchanganyiko na chuma, pamoja na maji ya ubuyu yasiyotiwa sukari au chungwa, na chai asubiri kwanza. Baada ya Adhuhuri ameze kalisi, baada ya Alasiri kalisi, na baada ya Isha kalisi. Anayechunga sala tano hatasahau nyakati nne za vidonge.

Wapo wanaouliza juu ya vidonge vyenye maganda ya jelatini isiyojulikana asili yake. Jibu ni kumuuliza mfamasia, kwani zipo vitamini za kutafuna, za maji na za vidonge vikavu zisizo na maganda hayo. Shaka isiwe sababu ya kuacha dawa kabisa.

RAMADHANI

Suratul Baqarah imempa mgonjwa ruhusa ya kula, na imetufahamisha kuwa Mwenyezi Mungu anatutakia mepesi. Katika miezi ya mwanzo baada ya upasuaji mgonjwa anatakiwa kunywa maji kwa funda ndogo mchana kutwa, kwa sababu hawezi kunywa mengi kwa mara moja. Kumtaka afunge saa 13 ni kumtaka akaukiwe maji. Asifunge mpaka daktari wake amruhusu, na siku atazilipa akipata uwezo. Asiyetarajia kuuweza tena atatoa fidia. Haijuzu kwa mtu kumtazama jicho la dharau anayeitumia ruhusa ya Mola wake.

Aliyeruhusiwa, naye asifuturu kama alivyozoea. Tende moja yatosha kwa sunna. Tende saba na uji wa sukari vyaweza kumwangusha. Aanze na maji kidogo, kisha protini. Baada ya Magharibi ameze kalisi, baada ya Tarawehe kalisi, na wakati wa daku vitamini mchanganyiko na chuma. Akipata kizunguzungu au mkojo wa rangi nzito, afungue saumu yake.

WANAWAKE NA UZAZI

Uzito ukipungua, uwezo wa kushika mimba huongezeka, hata kwa aliyekaa miaka bila ya mtoto. Ni furaha, lakini madaktari hushauri wanandoa wasubiri miezi 12 hadi 18, ili mtoto asiumbike katika mwili usio na akiba. Waume walizingatie hili, na wamwulize daktari njia ya kupanga, kwa kuwa aliyerukwa utumbo aweza kushauriwa asitegemee vidonge. Mimba ikiingia, daktari ajulishwe mapema abadili vitamini, kwani vitamini A ya aina ya retinoli ikizidi humdhuru mtoto tumboni.

WAJIBU WA JAMAA

Kwanza, tuache kulazimisha. Katika walima zetu mwenyeji huona amevunjiwa heshima mgeni akila vijiko vitatu. Tumkubalie neno lake kuwa ameshiba. Kumtia chakula kwa nguvu ni kumtapisha.

Pili, tuache ndimi zetu. Jana tulimcheka kwa unene, leo amepungua kilo 30 tunanong'ona kuwa ameathirika. Suratul Hujuraat imekataza kudharauliana, imekataza dhana mbaya na kuchunguzana, imekataza kusengenyana. Ni wagonjwa wangapi wanaojificha, wasiende hata kliniki, kwa kuogopa maneno yetu?

Tatu, tusaidie gharama. Anayefikiria upasuaji apige hesabu ya vitamini za maisha na vipimo vya damu katika miezi 3, 6 na 12, kisha kila mwaka. Asiye na uwezo wa hayo asikimbilie kisu kwa mkopo. Na aliyekwisha kupasuliwa akaishiwa, kumnunulia dawa zake ni sadaka iliyo bora kuliko kumpelekea birika la juisi. Vipimo vingi vyaweza kufanyika hapa Dodoma, katika Hospitali ya Benjamin Mkapa na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Hakuna sababu ya kungoja safari ya Dar es Salaam mpaka mtu aanguke.

Nne, mgonjwa atembee na karatasi mfukoni iliyoandika aina ya upasuaji, tarehe yake na dawa zake, na mtu mmoja nyumbani aijue.

Ndugu zetu, haya si ya waliopasuliwa peke yao. Mama mjamzito anayetupa vidonge vya chuma alivyopewa kliniki, mzee wa kisukari anayemeza metformini kwa miaka bila ya kupimwa B12, na mtoto anayekula ugali mtupu, wote wako katika mlango huohuo. Mwili uliopewa chakula kingi bila ya haki yake, na mwili uliopewa kidogo bila ya haki yake, hufikia mahali pamoja.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awape subira wale waliobeba matibabu ya maisha, atujaalie kuwa msaada kwao wala tusiwe mzigo juu yao, na atujaalie kuzitunza amana alizotupa hadi siku tutakayozirudisha kwake. Amin.

Wabillahi taufiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.